Presha ya Meneja: Mamlaka Yamesafiri, Lawama Zimebaki



Walioandaa semina hii walinipa kichwa kirefu: athari za utandawazi katika msongo wa mawazo wa mameneja. Nimekifupisha kwa sababu katika miaka yote niliyofanya kazi ya uhasibu na usimamizi hapa Dar es Salaam sijamsikia meneja hata mmoja akisema kwa mdomo wake kwamba ana msongo wa mawazo. Husema ana presha. Akilisema nyumbani, mkewe anauliza kama amekunywa vidonge. Akilisema ofisini, mhasibu wake anaelewa kwamba ripoti ya mwisho wa mwezi imekwama. Neno ni moja na wote wawili wamelisikia sawasawa. Wataalamu wa Ulaya wametumia miongo kadhaa kuthibitisha kwamba shinikizo la kazini na shinikizo la damu ni ndugu. Kiswahili cha mtaani kiliwapa jina moja bila kusubiri utafiti.

Nianze na presha yangu mwenyewe, kisha nitoke humo haraka, maana hatukuja kusikiliza historia ya ugonjwa wa mtu.

Nilikuwa meneja wa fedha katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere. Sitakitaja. Wenye hisa nyingi walikuwa nje ya nchi, na kikomo changu cha kusaini kilikuwa dola 500. Zaidi ya hapo, ombi linaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, linapanda kwa mkurugenzi wa kanda, kutoka kwake linakwenda kwa mtu wa manunuzi aliyekuwa bara jingine, halafu linashuka. Siku moja ya Alhamisi pampu ya jenereta ikafa, na wakati huo umeme wa mgao ulikuwa haueleweki. Pampu ilikuwepo Gerezani, Kariakoo, mwendo wa nusu saa kama hakuna foleni. Bei yake ilizidi kikomo changu kwa kitu kisichofika dola 200. Nikaingiza ombi saa tano asubuhi. Mtu wa manunuzi alikuwa bado amelala kwao. Alipoamka alikuwa na kikao. Ijumaa akauliza kwa nini hakuna ankara tatu za kulinganisha. Mashine zikasimama hadi Jumatatu.

Mwisho wa mwezi, kwenye kikao cha mtandaoni, sauti ikaniuliza kwa upole sana, ule upole wa watu waliosomea kuuliza, ni mambo gani ndani ya uwezo wangu ningeweza kuyafanya tofauti ili uzalishaji usishuke. Ilikuwa sauti ya mtu yuleyule wa manunuzi. Ombi langu lilikaa kwenye kisanduku chake siku nne.

Wiki ile nikaenda kupima: 170 kwa 110. Daktari hakuniuliza nakula nini. Aliniuliza nafanya kazi gani.

Hoja yangu leo imo ndani ya pampu ile. Utandawazi umechukua mamlaka ya meneja wa hapa na kuyapeleka mbali, lakini wajibu, na hasa lawama, umeviacha mezani kwake. Mengine yote tunayolalamikia, barua pepe za usiku, malengo yanayopanda kila robo mwaka, vikao visivyokwisha, mtu mzima anayeweza kuamua jambo huyabeba. Asiyeweza kuamua ndiye yanayemlaza.

Dawati moja, mabwana watatu

Vijana waliopo hapa huenda wanadhani hali ilikuwa hivi siku zote. Haikuwa. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mabenki na viwanda vikubwa vilitaifishwa, na meneja wa shirika la umma alikuwa na bwana mmoja: serikali. Bwana huyo alikuwa na matatizo yake, na wazee waliosimamia mashirika hayo wanayo mengi ya kusimulia kuhusu kuagizwa kwa simu na wakubwa wa wizara, kuhusu vipuri visivyopatikana kwa kukosa fedha za kigeni, na kuhusu kuhamishwa ghafla. Sitaki kuipamba enzi ile. Lakini bwana wao alikuwa mjini humu humu. Ungeweza kwenda ukakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake mpaka akuone.

Kisha yakaja makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, na baada yake ubinafsishaji wa miaka ya tisini. Mfano ulio wazi kuliko yote ni bia. Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya hisa za Kampuni ya Bia Tanzania kwa South African Breweries. Uamuzi mkubwa ukahamia Johannesburg. Mwaka 1999 kampuni hiyo mama ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la London na makao yake yakahamia huko. Mwaka 2002 ikanunua Miller ya Marekani na kuitwa SABMiller. Oktoba 2016 ikamezwa na AB InBev, ambayo makao yake yako Leuven, Ubelgiji. Hebu mfikirie meneja aliyeajiriwa mwaka 1990 akiwa kijana wa miaka 25, akakaa Ilala palepale. Bila kuhama mtaa, bila kubadilisha basi la kwenda kazini, amefanya kazi chini ya Dar es Salaam, Johannesburg, London na Leuven.

Simaanishi kwamba watu wa kampuni hiyo waliumizwa. Wengi walipata mafunzo na mishahara ambayo shirika la umma lisingeweza kuwapa, na mwenye kusema ubinafsishaji haukumnufaisha meneja yeyote anadanganya. Nataka tuone tu umbali. Kila uamuzi unapohama mara moja, mtu wa Dar es Salaam anajifunza upya nani wa kumwandikia, kwa lugha gani ya takwimu, na ni kosa lipi linasamehewa. Akishazoea, kampuni inauzwa.

Anayeamua na anayetekeleza

Elimu ya msongo ina historia ndefu. Hans Selye, daktari aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Montreal, aliandika mwaka 1936 jinsi mwili unavyoitikia shida za kila aina kwa njia inayofanana. Leo tunaijua njia hiyo kwa majina: ubongo unapiga kengele, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, sukari inapanda kwenye damu, tumbo linasimamisha kazi. Kwa mtu anayekimbizwa na nyati huo ni msaada. Nyati akishapita mwili unatulia. Tabu ya meneja ni kwamba nyati wake hapiti. Yumo kwenye simu, na simu iko chini ya mto.

Mchango ulio muhimu zaidi kwetu ni wa Mmarekani Robert Karasek, mwaka 1979. Akitumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, alionyesha kwamba uzito wa kazi peke yake hauelezi nani anaumia. Lazima uutazame pamoja na kitu cha pili: uhuru wa mtu kuamua namna ya kuifanya kazi hiyo. Kazi nzito yenye uhuru mkubwa inaweza kumkuza mtu. Kazi nzito isiyo na uhuru ndiyo inayomchosha na kumtia huzuni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mameneja hatupendi kulisikia. Uingereza kuna utafiti maarufu wa watumishi wa serikali, unaoitwa Whitehall, ambao Michael Marmot alishughulika nao kwa miaka mingi. Awamu ya kwanza ilianza mwaka 1967, ya pili mwaka 1985 ikiwa na watumishi 10,308. Watu walitarajia wakubwa ndio wanaokufa kwa moyo, kwa sababu ya majukumu. Ikawa kinyume. Kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo ugonjwa ulivyoongezeka, ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo mlinzi wa getini kwako na dada anayefagia ofisi yako wana haki ya kucheka wakikusikia unalalamika kuhusu presha. Wao hawana hata dola 500 za kusaini.

Sasa, kwa nini basi tunazungumzia mameneja? Kwa sababu matokeo ya Whitehall yalihusu watu waliokuwa na mamlaka kweli. Meneja wa Dar es Salaam ana gari la meneja, kadi ya meneja na kiti kinachozunguka, lakini ukipima uhuru wake wa kuamua utamkuta chini sana kwenye ile ngazi. Watu wa nje wanakiona cheo chake. Mwili wake unajua kikomo chake cha kusaini.

Kalenda ya watu wengine

Kuna jambo linaitwa saa. Dar es Salaam iko saa mbili au tatu mbele ya London kutegemea msimu, kwa sababu Waingereza wanasogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wamarekani nao wanasogeza, ila kwa tarehe nyingine, kwa hiyo kuna majuma kadhaa kila mwaka ambapo ratiba yako yote inachanganyikiwa wakati wewe hujagusa saa ya ukutani. Kikao cha saa tisa alasiri New York ni saa nne usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa tano usiku wakati wa baridi yao. Saa tatu asubuhi ya Beijing ni saa kumi alfajiri, adhana bado. Mkubwa wako akiwa Mumbai na akapenda kuanza saa tatu na nusu, wewe unatakiwa uwe umeshafungua kompyuta saa moja asubuhi, ukiwa umetoka Mbagala au Kibaha kabla kuku hawajaamka.

Kwa meneja mmoja mwenye wakubwa sehemu moja hili linazoeleka. Lakini makampuni makubwa yamepanga kazi kwa namna ambayo mtu mmoja anawajibika kwa watu wawili au watatu: wa kanda, wa bidhaa, na wa fedha, kila mmoja nchi yake. Hapo siku inakuwa ndefu pande zote mbili. Alfajiri ni ya Asia, usiku ni wa Amerika, na katikati ni Dar es Salaam yenyewe, ambayo nayo haijalala: kodi ya mishahara kabla ya tarehe 7, ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, mkaguzi wa mazingira yuko getini, dereva amegonga bajaji Tazara.

Miaka ya fedha nayo hailingani. Serikali yetu inafunga Juni, kampuni nyingi zinafunga Desemba, wenye asili ya India wengi wanafunga Machi. Nimeshakaa mahali ambapo timu ileile ya watu sita ilikuwa inafunga vitabu vya aina mbili na kutengeneza bajeti ya tatu ndani ya robo mwaka moja. Hakuna aliyewauliza wale sita wanawezaje, maana kila mkubwa aliona kitabu chake tu.

Na kuna Idd. Naomba mnivumilie, mtu aliyewahi kuandika barua pepe hii atanielewa. Unaandika: huenda kesho ni sikukuu. Wanajibu: huenda maana yake nini? Unaeleza kwamba inategemea mwezi. Wanauliza ni mwezi gani, Aprili au Mei. Unaeleza kwamba ni mwezi wa angani, unaandamwa jioni, na Mufti atatangaza usiku. Kimya. Kisha linakuja jibu kwamba kikao cha kesho saa mbili kitabaki kama kilivyo hadi utakapothibitisha. Utathibitisha saa ngapi, wakati wao watakuwa wameshafunga ofisi? Unaishia kuhudhuria kikao siku ya Idd umevaa kanzu, kamera imezimwa, watoto wanagonga mlango wanataka kwenda kwa bibi.

Ni jambo dogo, linachekesha. Likitokea mara moja ni kisa cha kuwasimulia watu. Likitokea miaka kumi ni ujumbe unaoambiwa kila mwaka kwamba siku zako si siku.

Yanayotoka mbali

Kuna mengine ambayo hata huyo mkubwa wa mbali hana uwezo nayo, lakini bado yanaangukia kwa meneja wa huku. Aprili 2010 mlima wa volkano uitwao Eyjafjallajökull ulilipuka kule Iceland. Majivu yakafunga anga ya Ulaya ya kaskazini kwa takribani siku sita. Katika mashamba ya Naivasha, Kenya, maua yaliyokatwa alfajiri kwa ajili ya ndege ya usiku yakaanza kunyauka kwenye vyumba vya baridi, na vyumba hivyo vina ukomo. Ua la waridi haliwezi kuambiwa lisubiri. Mameneja wa mashamba yale walilazimika kuamua ndani ya saa chache: waendelee kukata maua wayatupe, au wasimamishe wachumaji ambao familia zao zinakula kwa mshahara wa siku? Hakuna kozi ya uongozi iliyowahi kufundisha volkano ya Iceland.

Hapa kwetu tuliipata ladha yake Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika huko kusini na intaneti ikadorora Tanzania na nchi za jirani. Meneja mmoja wa tawi aliniambia kwamba Jumatatu asubuhi alipigiwa simu na ofisi ya kanda akiulizwa kwa nini hajajibu barua pepe tatu zilizomtaka aeleze athari za kukatika kwa intaneti.

Fedha za kigeni ni habari nyingine. Kenya, Januari 2024, dola moja ilivuka shilingi 160. Mameneja wa fedha walioogopa kwamba itafika 180 wakanunua dola za miezi ijayo. Februari serikali ikapata mkopo mpya wa kulipia hati fungani ya dola bilioni mbili iliyotakiwa kulipwa Juni, hofu ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu na 130. Aliyenunua alionekana mjinga. Aliyeacha kununua miezi mitatu nyuma alikuwa ameonekana mjinga pia. Mtu mwenye busara zake timamu anaweza kukosea mara mbili ndani ya robo mwaka moja, na mara zote mbili akaandikiwa barua ya kujieleza.

Ukoo haukubinafsishwa

Vitabu vingi vya msongo vimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye akitoka kazini anakwenda kwa mke na watoto wawili. Meneja wetu akitoka kazini anakwenda kwa watu arobaini. Ana kadi tatu za michango ya harusi kwenye dashibodi. Yumo kwenye kamati moja kama mwenyekiti, kwa sababu ni meneja, na mwenyekiti anatakiwa aahidi mbele za watu. Kuna ada ya mtoto wa marehemu kaka yake, kuna mjomba aliyelazwa Muhimbili, kuna msiba Singida ambao asipofika watasema ameanza kuringa.

Wapo wataalamu wanaouita mzigo huu sababu ya msongo. Mimi sikubaliani nao, au nakubaliana nusu. Ukoo unachukua fedha, lakini unarudisha kitu ambacho makao makuu hayana: ukienda msibani Singida unakuta wewe ni mtu wa maana, watu wanakusikiliza, shauri linakaliwa na neno lako linahesabiwa. Kule una mamlaka. Kinachomuumiza meneja ni kwamba kazi imemla hadi akaanza kutuma fedha kwa simu badala ya kwenda. Anatoa mchango uleule, faida yake haipati. Ukoo unabaki kuwa gharama tupu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliweka kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, chini ya mambo yanayohusiana na kazi, ile hali ya mtu kuishiwa kabisa kwa sababu ya msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Halikuiita ugonjwa. Lilitaja dalili tatu: kuchoka kabisa, kujitenga na kazi au kuidharau, na kushuka kwa ufanisi. Kwa uzoefu wangu kuna dalili ya Kiswahili inayotangulia zote tatu: meneja anaacha kusalimia. Mtu aliyekuwa akipita kwa kila meza, za asubuhi, mtoto anaendeleaje, mvua za huko kwenu zikoje, anaanza kuingia moja kwa moja ofisini na kufunga mlango. Wafanyakazi wanasema amekuwa jeuri. Mara nyingi ameshakuwa mgonjwa.

Wala hatasema. Kwetu akili ikitajwa watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, kama Wakenya wanavyosikia Mathari. Meneja ataandika kwenye fomu ya ruhusa kwamba anaumwa mgongo. Nimezipitisha fomu nyingi za migongo.

Sheria ilipomruka meneja

Nakuja kwenye sehemu ambayo ningependa maofisa rasilimali watu waliopo wainukuu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Inatoa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 kila wiki. Ni sheria nzuri. Sasa fungueni kifungu cha 17. Kinasema kwamba sehemu hiyo ya saa za kazi haiwahusu watu wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na ambao wanaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yaani meneja. Likizo yake ya siku 28 ipo, lakini hana ukomo wa saa, wala ziada ya kulipwa, wala yale mapumziko ya usiku.

Ninaelewa mantiki ya waliotunga. Walidhani meneja ndiye anayepanga saa zake mwenyewe, kwa hiyo hahitaji kulindwa dhidi ya nafsi yake. Mwaka 2004 wengi wetu tulikuwa bado hatuna barua pepe mfukoni. Dhana hiyo sasa imekufa, na kifungu bado kipo.

Uzito wake unapimika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na magonjwa ya moyo kwa mwaka 2016 pekee. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, wa saa 55 ana hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Jumlisheni saa zenu, pamoja na za kitandani.

Wengine wameshachukua hatua. Ufaransa, kuanzia Januari 1, 2017, makampuni yenye watu 50 na zaidi yanatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima simu baada ya kazi. Ufaransa huohuo ndiko mahakama ya Paris, Desemba 2019, ilipowatia hatiani France Télécom na wakubwa wake wa zamani. Kampuni ilikuwa imebinafsishwa, ikakabiliana na ushindani, ikaamua watu 22,000 waondoke. Mameneja wa kati walipewa kazi ya kuwasukuma. Mahakama iliangalia waathirika 39. 19 kati yao walijiua. Jambo jipya katika hukumu ile ni kwamba mateso hayakutafutwa kwenye hasira za meneja fulani wa tawi fulani. Yalitafutwa kwenye mpango wenyewe, na waliohukumiwa ni waliouandika.

Sasa tufanye nini? Kwanza niseme nisichokiamini. Siamini zile barua pepe za siku ya afya ya akili zinazotufundisha kupumua kwa pua huku kiambatanisho kikiwa ni malengo mapya ya robo ijayo. Siamini bonanza la mara moja kwa mwaka, ingawa nyama choma sijawahi kuikataa. Mambo haya yanamwambia meneja kwamba tatizo liko kwenye mapafu yake.

Ninachokiamini kinachosha kukisikiliza, kwa sababu kinahusu nyaraka. Kila kampuni ina hati inayoonyesha nani anaidhinisha nini na kwa kiasi gani. Hati hiyo ndiyo dawa au sumu. Pale ambapo meneja anadaiwa matokeo ya uzalishaji, apewe kikomo kinachotosha kununua kinachosimamisha uzalishaji, na akaguliwe baadaye kama ametumia vibaya. Pale ambapo makao makuu hayataki kuachia, basi yaandike muda wa kujibu, na muda ukipita bila jibu, lawama ya siku hizo ihame rasmi pamoja na ombi. Nimewahi kuona kampuni moja ikifanya hivyo, saa 24 bila jibu ni ndiyo. Maombi yaliyokuwa yakilala wiki nzima yakaanza kujibiwa kabla ya chakula cha mchana. Kumbe watu walikuwa macho.

Kuhusu vikao vya usiku, tuombe zamu. Kikao kikiwa cha mabara matatu, usiku uzunguke. Mwezi huu Dar es Salaam, mwezi ujao New York waamke alfajiri. Ukilipendekeza hili utaona ni nani anayekubali haraka na nani anayesema ni gumu kiutendaji. Na kifungu cha 17, chama chetu kinaweza kukipeleka kwa wizara kwa ombi dogo tu: saa 45 zibaki zilivyo, lakini yale mapumziko ya saa 12 yamhusu kila binadamu aliyeajiriwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na naona chai imeshafika pale nyuma. Kabla hamjasimama, kuna karatasi tupu kwenye kila folda. Usiandike jina. Andika kiasi ambacho unaweza kuidhinisha leo bila kumuuliza mtu aliye nje ya nchi, kwa shilingi, na chini yake andika gharama ya kipuri kimoja ambacho kikifa kesho kazi yako inasimama. Kunja, weka kwenye boksi lile la mlangoni. Baada ya chai tutazisoma kwa sauti, na tutaanzia na zile ambazo namba ya juu ni ndogo kuliko ya chini.